Baba ana miaka 76, anataka kuisikia kwaya ya kanisa la Bach kule Leipzig. Nimpangieje safari?

Mwana wa Mwalimu (Rotterdam)

Shikamooni wakubwa, wengine habari za majukumu.

Naomba ushauri kwa mliowahi kumleta mzazi mtu mzima Ulaya, hasa Ujerumani.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi sana alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu kule Machame. Wale wa zamani mnajua ilivyokuwa: nota za sol-fa ubaoni kwa chaki, sauti zote nne, halafu anapita sauti moja moja mpaka besi wa mwisho kabisa ashike. Ana kaseti za Bach alizoachiwa na mchungaji mmoja Mjerumani aliyekuwa anarudi kwao. Utepe umelegea lakini bado anazisikiliza. Tangu mama atutoke amekuwa mkimya. Nilipokwenda likizo nikamuuliza kama kuna mahali angependa kufika kabla miguu haijakataa kabisa. Hakufikiri hata kidogo: "Nataka kukaa ndani ya kanisa alilofanyia kazi Bach, niwasikie wale watoto wakiimba."

Nimeamua kumleta. Goti lake la kulia ni bovu, anatembea na fimbo. Ana presha, anameza vidonge kila asubuhi. Usiku anaamka kwenda chooni mara kwa mara kwa sababu ya tezi dume. Kichwa chake kizima kabisa, anasoma gazeti bila kuruka ukurasa.

Nimewaza tukae wiki moja hivi: Leipzig siku mbili, Eisenach alikozaliwa Bach siku moja, Wittenberg kwa Luther siku moja, Dresden, tumalizie Berlin. Ataanzia kwangu Rotterdam. Mnauonaje mpango huu? Na viza aombe ubalozi wa Ujerumani au wa Uholanzi? Mfuko wangu ni wa kawaida, si wa hoteli kubwa.

---

Mkibosho wa Dar

Kaka, nianze na viza maana hapo ndipo watu wengi hukwama. Kanuni ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inaangalia nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Akikaa kwako wiki tatu na Leipzig wiki moja, maombi yanakwenda Uholanzi hata kama kiini cha safari ni Ujerumani. Siku zikilingana ndipo wanaangalia nchi atakayoingilia kwanza. Usiandike ratiba ya wiki mbili Ujerumani halafu upeleke maombi kwa Waholanzi, watayarudisha.

Kwa kuwa wewe ndiye mwenyeji, kuna fomu ya Kiholanzi ya udhamini na malazi. Unaijaza na sahihi yako inathibitishwa manispaa unakoishi, kisha unamtumia Mzee nakala halisi. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 na ifanye kazi nchi zote za Schengen. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na muda wa kawaida wa majibu ni siku 15 ila unaweza kuvuta hadi 45, kwa hiyo usisubiri. Alama za vidole lazima akatoe mwenyewe, basi mpangie usafiri wa Moshi hadi Dar wa kistaarabu, asifike amechoka.

Jambo la bima lisome mwenyewe herufi kwa herufi. Nyingi haziligusi gonjwa alilokuwa nalo tangu nyumbani. Tafuta inayosema waziwazi kwamba presha ikimpanda ghafla akiwa huko, wanalipa.

---

Mama Neema (Leipzig)

Mdogo wangu, pole kwa msiba wa mama, na Mungu akubariki kwa unalotaka kumfanyia Mzee. Mimi ni mtoto wa KKKT kama wewe, nimekulia Marangu, na hapa Leipzig kazi yangu ni kuuguza wazee. Kila siku nawaamsha, nawaogesha, nawavalisha na kuwatembeza watu wa umri wa baba yako na waliomzidi. Kwa hiyo nitasema moja kwa moja: mpango huo ni wa kijana wa miaka 25 mwenye begi mgongoni. Baba yako amekuambia anachotaka, tena kwa sentensi moja. Hakutaja Berlin wala Dresden. Amesema kukaa kanisani na kuwasikia watoto. Safari yote ijengwe kuzunguka saa hiyo, mengine yaje yakipata nafasi.

Basi ujue saa yenyewe. Kanisa ni Thomaskirche. Bach alikuwa mkuu wa muziki pale kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Kwaya ya wavulana, Thomanerchor, ilianzishwa 1212, maana yake alipofika Bach ilikuwa na umri wa miaka mia tano na ushee. Wanaimba kanisani kwao Ijumaa saa kumi na mbili jioni na Jumamosi saa tisa alasiri. Ibada hiyo wenyewe wanaiita Motette. Ya Jumamosi mara nyingi ina kantata nzima ya Bach, yaani utungo mrefu wa kwaya na ala, na wanamuziki wa Gewandhaus, okestra ya mji huu, wanakaa na watoto kuipiga. Huhitaji tiketi ya kununua miezi kabla. Unafika, unalipa euro chache mlangoni kwa karatasi ya programu, unaingia, unatafuta pa kukaa. Ndiyo maana nawaambia watu wenye mfuko wa kawaida waje Leipzig: muziki wa daraja hilo kwa bei ya kikombe cha kahawa.

Lakini sikia hili kabla hujakata tiketi ya ndege: hao ni wanafunzi. Wanakaa bweni, wanasoma shule, na likizo ya shule za jimbo la Saxony ikifika wanakwenda makwao. Kipindi hicho Motette huendelea, ila wanaimba wageni. Tena wakati mwingine kwaya husafiri. Nimewaona watu waliotoka mbali wakifika katikati ya kiangazi na kukuta wavulana hawapo, inauma. Kalenda ya kwaya ipo wazi kwenye tovuti yao. Chagua kwanza Ijumaa na Jumamosi ambazo jina la Thomanerchor limeandikwa, ndipo utafute ndege. Mimi ningechagua Mei, au Septemba. Juni kuna tamasha la Bach, Bachfest, zuri mno, ila mji unajaa, vyumba vinapanda bei na viti vinagombaniwa, na mwenye fimbo hafai kusukumwa. Desemba wanaimba Oratorio ya Krismasi na ni jambo la kuliona, ila goti la Mzee litalia na baridi na tiketi huisha mapema.

Sasa kukaa kwenyewe. Waimbaji hawasimami mbele. Wako nyuma, juu, kwenye roshani ya upande wa magharibi kando ya kinanda kikubwa cha mabomba cha mwaka 1889. Wewe umeelekea madhabahu na sauti inakujia kutoka kisogoni. Wageni wengi hukaa dakika kumi za mwanzo wamejipinda shingo wakitafuta nyuso za watoto. Mwambie Mzee mapema ili asijipinde. Kwa mtu aliyefundisha sauti nne maisha yake yote, nakuhakikishia atazitenganisha akiwa amefumba macho: soprano wale wadogo, alto nao ni wavulana, tenori na besi ni wale wakubwa wa miaka 17, 18. Mbele hakuna cha kukodolea macho, kwa hiyo sikio linafanya kazi yote.

Fikeni dakika arobaini na tano kabla. Mkalishe mwisho wa benchi, upande ambao goti la kulia litatokeza kwenye njia, aweze kunyoosha mguu. Mabenchi ni ya mbao, beba mto mdogo. Kanisa la mawe linatunza baridi hata Mei, avae sweta hata kama nje kuna jua. Na chooni aende kabla, kwenye mkahawa wa jirani mtakapokunywa chai. Kunyweni huko bila haraka, ila asinywe maji mengi saa ya mwisho. Wewe unajua kwa nini.

Ibada ikiisha msitoke na umati. Subirini watu wapungue, kisha mtembee taratibu hadi mbele. Karibu na madhabahu kuna bamba la shaba sakafuni, pana, jeusi kidogo kwa umri, lenye jina tu: Johann Sebastian Bach. Hakuna cheo wala maneno ya sifa. Mara nyingi kuna maua yamewekwa juu yake. Amelala hapo tangu 1950. Kabla ya hapo alikuwa kanisa jingine la mji huu, Johanniskirche, lililoharibiwa wakati wa vita. Bamba lenyewe huwezi kulikanyaga, limezungushiwa kamba, ila mtu anasimama hatua chache tu kutoka pale.

Jumapili asubuhi mpeleke ibadani palepale. Atajua kila kinachoendelea, maana liturujia tunayoimba Machame na Marangu ilitoka huku. Misheni ya Leipzig ndiyo iliyopeleka wamisionari Kilimanjaro mwaka 1893, na kituo chao cha kwanza kilikuwa kwenu Machame. Nyimbo nyingi za kitabu chetu cha Tumwabudu Mungu Wetu zina tuni hizohizo. Afungue kinywa aimbe kwa Kiswahili, hakuna atakayegeuka kumshangaa. Mama yangu aliimba beti zote, na mzee mmoja wa benchi la mbele alimpa mkono baada ya ibada wakasalimiana kwa kutabasamu tu. Jengo la misheni nalo lipo hadi leo, mtaa wa Paul-List, si mbali na katikati ya mji. Ukiwaandikia mapema kwamba unakuja na mwalimu wa kwaya kutoka Machame, nadhani watafurahi kumpokea.

Mji wenyewe ni rafiki wa magoti. Ni tambarare, na sehemu ya kale imezungukwa na barabara ya duara. Ndani ya duara hilo karibu kila kitu kinafikika kwa miguu. Kutoka Thomaskirche hadi Nikolaikirche, kanisa la pili alilolihudumia Bach, ni chini ya kilomita moja. Makumbusho ya Bach yanatazamana na Thomaskirche, unavuka uwanja tu, na kuna sehemu ya kuvaa vipokea sauti ukakaa ukasikiliza. Huko ataka asitake mtamaliza nusu siku. Ardhini kuna alama za chuma zilizopinda, zinaongoza njia ya muziki iitwayo Notenspur, kilomita tano na kitu kwa jumla, inapita hadi nyumba aliyofia mtunzi Mendelssohn 1847 na nyumba waliyoishi mtunzi Schumann na mkewe Clara. Usimtembeze yote. Chukueni vipande, asubuhi kimoja, na saa saba alale. Kulala mchana ni lazima, si anasa. Motette ya saa kumi na mbili kwa mzee ambaye hakulala mchana ni Motette ya kusinzia.

Malazi: tafuta nyumba ndogo ya kupanga yenye jiko na lifti, ndani ya ile barabara ya duara au jirani yake. Uliza lifti kwa maandishi. Nyumba nzuri za kale za mji huu zina ngazi za mbao hadi ghorofa ya nne na hazina lifti, na picha za mtandaoni hazionyeshi ngazi. Jiko ni muhimu kwa sababu Wajerumani jioni wanakula mkate na jibini baridi, na baba wa Kichaga hatalala na mkate. Unga wa mahindi, ndizi za kupika na maharage utapata maduka ya mtaa wa Eisenbahnstraße.

Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia mama alipokuja: kilichomtisha hakikuwa ndege. Ni ngazi za umeme. Alisimama juu pale kituo cha treni cha chini ya ardhi cha Markt, mkono mmoja kwenye mkanda wa pembeni unaotembea, mguu haushuki, na watu nyuma wanajazana. Kila kituo kina lifti. Itafute hiyo kwanza. Tramu ikija ya zamani yenye vidato, iache, subiri ya nyuma yake yenye sakafu ya chini.

---

Mpenda Opera (Geneva)

Mimi nitatofautiana kidogo na dada hapo juu. Ukitaka mji wa muziki Ulaya, ni Vienna. Kuna ukumbi wa Musikverein, kuna opera ya taifa yenye nafasi za kusimama za bei rahisi, na kule makaburi ya Zentralfriedhof Beethoven, Schubert na Brahms wamezikwa karibu karibu. Mozart aliishi pale, Haydn alifia pale. Kama Mzee anasafiri mara moja tu maishani, kwa nini asione mji mkubwa zaidi wa muziki duniani? Leipzig ni mji mdogo, na siku ya tatu mtakuwa mmemaliza.

---

Mama Neema (Leipzig)

Ndugu yangu, Vienna nimefika na sina neno baya juu yake. Kwa mtu mwingine ningemwelekeza huko huko. Ila hizo nafasi za bei rahisi umesema mwenyewe ni za kusimama, na opera huchukua muda wa saa tatu. Makaburi ya Zentralfriedhof ni makubwa kiasi kwamba yana basi linalozunguka ndani. Huyu ni mzee wa fimbo. Na zaidi ya yote, Mzee ni mtu wa Bach na wa kwaya ya kanisa. Beethoven hakuwahi kuandikwa ubaoni Machame kwa chaki. Ukubwa wa mji haumhusu.

Na kuhusu kumaliza siku ya tatu: vizuri sana. Siku ya nne apumzike.

---

Fidla la Unguja

Asalaam aleikum. Mwanangu Mwana wa Mwalimu, mie ni mzee mwenzake babako, nimempita kidogo. Nimesoma Leipzig zama za DDR, Ujerumani Mashariki ya wakati ule. Wengi wetu kutoka Zanzibar tulipelekwa baada ya Mapinduzi, Kijerumani tukifunzwa Herder-Institut, ndipo tukatawanywa vyuoni. Mie fani yangu ilikuwa ufundi, lakini kwetu Unguja nilikuwa nshapiga fidla katika taarab, na ule mji ulinitia wazimu wa kheri.

Siku zile okestra ya Gewandhaus haikuwa na nyumba. Ukumbi wao uliharibiwa vitani, basi walipiga Kongresshalle, pembeni mwa bustani ya wanyama. Tiketi ya mwanafunzi ilikuwa ya senti. Mie nikikaa mahala ambapo naviona vidole vya wapiga fidla wa kwanza, maana kwetu twapiga kwa mnong'ono wa Kimisri na wao wapiga kwa upinde mrefu, na nilitaka kujua mkono wa kulia waendaje. Kurt Masur ndiye alokuwa akiwaongoza. Ukumbi mpya wa Augustusplatz ulifunguliwa 1981, mie nshaondoka. Nimekuja kuuona uzeeni nilipokwenda na mke wangu, na nasema: kama babako ana nguvu ya usiku mmoja baada ya kanisa, mpeleke. Mna lifti, viti ni vya kitambaa, na okestra hiyo ni ya tangu 1743. Omba viti vya ukingoni karibu na mlango, waeleze sababu. Hawaoni vibaya kabisa.

La pili, makumbusho ya ala za muziki, yale ya chuo kikuu, Johannisplatz. Ipo piano ya Bartolomeo Cristofori ya mwaka 1726. Huyo Cristofori ndiye alotengeneza piano ya kwanza duniani, na zake zilobakia ni tatu tu: moja New York, moja Roma na hii. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Ni ndogo, nyembamba, mbao tupu, wala haina madaha. Mwalimu wa muziki ataifahamu thamani yake bila kuambiwa. Na mna mabenchi ndani.

La tatu ndilo nilolijia hasa. Nyinyi vijana hamulijui kwa sababu hatuwaambii. Mzee hasemi kachoka. Ukimuuliza "Baba, tupumzike?" atakujibu "twende tu", kwa sababu anajua umetumia pesa yako na hataki uone kuwa ni mzigo. Usimuulize. Mtizame. Akianza kusimama kutazama madirisha ya maduka ambayo hayamhusu, viatu vya wanawake, sijui vyombo vya jikoni, huyo anatafuta pumzi. Akibadili fimbo mkono, goti lishamuuma zamani. Hapo wewe ndiye useme: "Baba, mie nimechoka, tukae kidogo." Atakaa kwa ajili yako, na heshima yake imebaki. Mwanangu wa kiume alinifanyia hivyo na nilijua anachofanya, nikamuombea dua moyoni.

Nikolaikirche pia mpeleke akaone nguzo zake, zimechongwa juu kama makuti ya mnazi. Ndiko yalikoanzia maombi ya Jumatatu, na tarehe 9 Oktoba 1989 watu kiasi cha elfu sabini walitoka barabarani kwa amani kuidai serikali ya DDR uhuru, hapakupigwa risasi. Mie nilisikia redioni niko Unguja, na nilijua kila kona waliyopita.

---

Mwana wa Mwalimu (Rotterdam)

Shikamoo Mzee. Maneno yako ya "mie nimechoka" nimeyashika, na nimegundua Baba alikuwa akifanya hivyohivyo tulipokuwa tunashuka Moshi mjini mwaka jana, akitazama duka la vipuri vya pikipiki.

Mama Neema, asante sana dada yangu. Nimefuta Berlin na Dresden. Wittenberg na Eisenach nazo nimeziweka kando. Nina maswali matatu. Kutoka Rotterdam hadi Leipzig ni mbali. Treni au ndege? Vidonge vya presha saa zikibadilika inakuwaje? Na kuna kitu kingine kimoja tu, cha karibu, kisicho na ngazi, ambacho ungeongeza?

---

Mama Neema (Leipzig)

Saa zisikusumbue. Mei Ujerumani iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja tu. Kidonge cha saa moja asubuhi ya Machame ni cha saa kumi na mbili ya huku, na akimeza saa moja ya huku kwa siku hizo hakuna kitakachoharibika. Mwulize daktari wake athibitishe. Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi, kwenye vikasha vyake, pamoja na cheti cha daktari chenye majina ya dawa. Mpe za siku kumi za ziada. Kitakachomsumbua ni jua, si saa: mwezi huo giza linaingia saa tatu usiku na kunakucha mapema, hakikisha chumba kina pazia zito. Usiku mwachie taa ndogo njia ya kwenda chooni. Wazee wengi ninaowapokea kazini na nyonga zilizovunjika walianguka hapo hapo, kati ya kitanda na choo.

Ndege ya KLM inatoka KIA hadi Amsterdam bila kubadilisha ndege, hiyo ndiyo nzuri kwake. Unapokata tiketi omba msaada wa kiti cha magurudumu, haulipiwi, na usimwambie ni kwa ajili ya wagonjwa. Mwambie ni kwa sababu uwanja ni mkubwa. Avae soksi za kubana miguuni kama daktari amekubali, na kila baada ya muda asimame atembee hadi nyuma ya ndege. Akifika, akae kwako wiki nzima kabla ya kwenda popote.

Kuja huku ningechukua treni, lakini msiimalize siku moja. Laleni Hannover, karibu na kituo. Kutoka hapo hadi Leipzig ni chini ya saa tatu na kuna treni isiyobadilishwa. Shirika la reli lina huduma ya kumpandisha na kumshusha mwenye shida ya kutembea, ila ujiandikishe mapema. Wekeni nafasi ya viti, na usiache dakika sita za kubadilisha treni hata programu ya simu ikikuambia inawezekana. Saa moja nzima.

Na la kuongeza, ndiyo, lipo. Mpeleke Halle. Ni treni ya mji, dakika arobaini hivi, Händel alizaliwa huko 1685, mwaka uleule wa Bach. Nyumba alimozaliwa ni makumbusho. Kanisa la sokoni, Marktkirche, lina birika alilobatizwa, na huko ndiko alikojifunzia kinanda kwa mwalimu wake Zachow. Kaka, ni kwaya gani ya KKKT isiyoimba "Haleluya" ya Händel Pasaka au Krismasi? Baba yako ameifundisha mara ngapi? Tena nyaraka za kale za Misheni ya Leipzig zimehifadhiwa palepale Halle, kwenye taasisi ya Francke, barua za wamisionari wa Machame zikiwemo. Nenda siku ya katikati ya wiki, rudini kabla ya saa nane, alale.

---

Mkibosho wa Dar

Nyongeza ya viza: kwenye barua ya maombi andika hili hili la kwaya. Mwalimu mstaafu, pensheni yake, shamba na kahawa yake, watoto wengine walioko Machame, na sababu ya safari. Ambatanisha barua ya usharika ikieleza utumishi wake. Wanachotaka kuona ni kwamba ana cha kumrudisha nyumbani, na mtu wa aina hiyo anacho.

---

Mwana wa Mwalimu (Rotterdam)

Nimempigia simu Baba jana usiku nikamsomea karibu yote. Aliposikia kwamba kwaya inasimama nyuma na juu, alinyamaza, kisha akasema ndivyo inavyotakiwa, watu wasimtazame mwalimu. Halafu akauliza kama alto wote ni wavulana kweli, na kama karatasi ya programu ina nota au maneno tu.

Nimeangalia kalenda. Kuna Ijumaa na Jumamosi katikati ya Mei ambazo jina la Thomanerchor limeandikwa zote mbili. Tutafika Leipzig Jumatano, Alhamisi kupumzika na makumbusho ya Bach, Jumapili ibada, Jumanne Halle, Alhamisi kurudi. Gewandhaus tutaamua huko huko kwa kumtazama.

---

Mama Neema (Leipzig)

Programu ina maneno ya wanachoimba, na kuna wimbo ambao waumini wote huimba pamoja, kwa kawaida na nota yake. Alto wote wavulana, ndiyo.

Nitumie tarehe kwa ujumbe wa ndani. Nikiwa na zamu ya asubuhi Ijumaa hiyo, saa kumi na moja nitakuwa nimeshafika mlangoni, nawawahia benchi la pembeni. Mto nitaleta mimi.